Amplifaya ya zamani ikinyamaza: anza na nyaya na spika kabla hujashika bisibisi

Mzee mmoja alifika barazani kwangu Tanga akiwa amekumbatia amplifaya ya NAD 3020 iliyofungwa kwa kanga. Kijana wake aliyekuwa akisoma Uingereza ndiye aliyemletea, miaka ya 1980, na tangu hapo haikuwahi kutoka sebuleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii redio imekufa. Fundi wa kwanza kasema transista zote zimekwenda, anataka laki mbili."

Nikaigeuza, nikatazama mgongo wake. Amplifaya ile ni mbili ndani ya sanduku moja: ya kwanza inachagua na kurekebisha sauti, ya pili inaipa nguvu ya kusukuma spika. Hizo mbili zinaungana kwa nje, nyuma, kwa vipande viwili vya chuma vilivyokunjwa kama herufi U. Havikuwepo. Mjukuu alivichomoa akivichezea, na hakuna nyumbani aliyejua vina kazi gani. Nilichukua waya mfupi wa RCA, ule wa kuungia vyombo vya sauti, nikaunga tundu la kutokea na la kuingilia, kushoto na kulia, kisha nikaweka santuri ya taarab. Fidla zikajaa baraza. Mzee akashika tama. "Mwaka mzima iko juu ya kabati, mwanangu. Mwaka mzima."

Kisa hicho nimekutana nacho kwa sura nyingi. Amplifaya za miaka ya 1970 na 1980 zilijengwa kwa vyuma na transfoma za maana, na nyingi zinazoitwa maiti ni wazima kabisa: kosa liko kwenye kitufe, waya, umeme usio wake, au spika zisizolingana nayo. Na zile zilizokufa kweli, mara nyingi zimeuawa na spika. Kwa hiyo utafutaji wote hapa unatoka nje kwenda ndani.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Mita ya dijitali, hata ya bei ndogo. Jozi ya spika ambazo zikiungua hutalia. Dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti za umeme, ile inayoacha ulaini kidogo kwa ajili ya nobu. Mafuta ya kulegezea bolti zenye kutu si dawa ya nobu, hukokota vumbi na baada ya muda mkwaruzo unarudi mara mbili.

Cha nne ni balbu ya siriz, na kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kuliko vyote. Chukua ekstenshen, kata waya wa moto peke yake, unga soketi ya balbu hapo katikati, ili umeme wote unaokwenda kwenye amplifaya upitie kwanza kwenye balbu. Funika maungio yote vizuri. Balbu iwe ya nyuzi, wati 60 hadi 100; ya LED haifanyi kazi hii. Amplifaya nzima, ikiwa haina spika, huifanya balbu imulike kwa nguvu kwa sekunde moja hivi, kapasita (vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme) zinapojaa, kisha ififie mpaka uzi ubaki mwekundu tu. Ikibaki inang'aa, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma.

Haiwaki kabisa, au iliwaka mara moja tu

Swali la kwanza si fyuzi. Uliza imetengenezwa kwa ajili ya nchi gani. Pwani yetu vyombo hivi vimeingia kwa njia nyingi: mabaharia, ndugu walioko Uarabuni, wanafunzi waliorudi kutoka Ulaya, na siku hizi makontena ya mitumba. Pioneer au Sansui iliyouzwa Japani kwenyewe inataka volti 100. Ya Marekani inataka 120. Iliyotumika Saudia zamani huenda iliwekwa kwenye volti za chini pia, maana nyumba nyingi za huko zilikuwa na umeme wa volti 127. Soketi ya Tanzania inatoa 230, ya Kenya 240. Ukichomeka ya Japani moja kwa moja, unaipa zaidi ya mara mbili ya chakula chake. Ukibahatika, fyuzi inawahi.

Soma kibandiko cha mgongoni kabla ya kugusa soketi. Zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi mbalimbali huwa na swichi ya kuchagua volti, mara nyingi 110, 120, 220 na 240. Mimi huiweka 240, hata kwa Tanzania, kwa sababu umeme wa mitaani ukiyumba nataka uyumbe ukiwa chini ya uwezo wa transfoma, si juu yake.

Kama ni ya volti 100 tu, unahitaji transfoma ya kushushia umeme, na hapa watu wengi hukosea bila kujua. Nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zinatoa 110. Umeme wa nyumbani ukipanda hadi 245, hiyo 110 inakuwa 117. Amplifaya itapiga, tena vizuri, lakini kila siku inachemka kuliko ilivyokusudiwa, na kapasita zake zinasukumwa kwenye ukingo wa uwezo wao. Tafuta inayoshusha 230 kuwa 100 kamili, au umpe msukaji wa transfoma akusukie. Kama amplifaya imeandikwa kuwa inakula wati 200, nunua ya VA 500 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), isiwe ya kubanabana.

Fyuzi ikikatika, weka ya namba ileile. Nimefungua amplifaya ambazo fyuzi yake imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Naomba tuache tabia hii. Karatasi ile haikatiki. Kitakachokatika ni transfoma, na transfoma ya amplifaya ya 1977 haitengenezwi tena. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, usiweke ya tatu. Nenda kwenye balbu.

Taa inawaka, imegonga "tak", lakini kimya

Amplifaya nyingi za Japani kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zina relei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, inayounga spika sekunde chache baada ya kuwasha. Ule mlio wa "tak" ni habari njema: sehemu ya nguvu imejikagua na kujiona salama. Basi tafuta mbele.

Kitufe cha TAPE MONITOR ndicho kinachonyamazisha amplifaya nyingi kuliko ubovu wowote ninaoujua. Kikibonyezwa, amplifaya inasikiliza deki ya kaseti, na deki haipo. Kitoe. Baada ya hapo tazama nobu ya kuchagua spika, isiwe kwenye OFF au kwenye B wakati waya zako ziko A. Tundu la hedifoni nalo kwenye baadhi hukata spika, na likiwa na kutu hudhani kuna hedifoni. Chomeka na kuchomoa mara kumi. Kisha zile U za mgongoni. Marantz 2270 inazo, NAD 3020 inazo, na nyinginezo nyingi. Zikipotea, waya mfupi wa RCA unafanya kazi ileile.

Swichi iliyolala miaka kumi kwenye hewa ya chumvi huota utando. Zima amplifaya, kisha zungusha kila nobu na bonyeza kila kitufe mara ishirini au thelathini. Nusu ya wagonjwa hupona hapo, bila hata dawa.

Haigongi "tak"

Sasa usifanye mzaha. Relei inakataa kuunga spika kwa sababu, mara nyingi, imeona umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) kwenye njia ya spika, na umeme huo ukifika huunguza koili ya wufa, ile spika kubwa ya besi, ndani ya sekunde. Kuna watu hufungua na kuiruka relei kwa waya ili "isikike". Wanaua spika ili kuokoa amplifaya, na wanaishia kupoteza vyote viwili.

Chomoa spika zote kwanza na uwashe tena kupitia balbu. Ikigonga bila spika, kosa liko kwenye spika au waya zake: uzi mmoja wa shaba uliochomoza na kugusa wa jirani unatosha. Isipogonga, weka mita kwenye milivolti za DC na upime kati ya nyekundu na nyeusi. Kama relei haijaunga, pima upande wake wa ndani, kwenye bodi, ikiwa mkono wako umezoea kazi hiyo. Kama hujazoea, hapo mpe fundi. Amplifaya ikipata moto dakika kumi, chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100 inataka marekebisho. Ukiona volti nzima, kumi, thelathini, transista ya nguvu imekwenda upande huo.

Zipo ambazo hazigongi kwa sababu hazina relei. Quad 303 ya 1967 hutoa sauti kupitia kapasita kubwa inayozuia umeme wa moja kwa moja usifike kwenye spika. Hiyo ukiwasha utasikia "dumu" kwenye wufa. Ndiyo maumbile yake.

Upande mmoja unakuja na kuondoka

Badilishana kabla ya kufikiri. Zima, hamisha spika ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Ugonjwa ukihama na spika, ni spika au waya wake. Ukibaki palepale, rudisha spika, kisha badilishana waya za RCA zinazoingia. Ugonjwa ukihama sasa, kosa ni chombo kinachopiga au waya wake. Ukibaki tena palepale, ni amplifaya yenyewe.

Ukizungusha nobu ya sauti na kusikia mkwaruzo, au sauti ikarudi unapoigusa, nobu ni chafu. Dawa ya kontakti iingie ndani ya nobu yenyewe, kwenye kijitundu karibu na miguu yake, isipuliziwe juu ya paneli. Puliza kidogo, zungusha mara thelathini, subiri ikauke.

Lakini kuna dalili moja ambayo ukiijua utaonekana mchawi: upande mmoja unafifia au kupotea sauti ikiwa ndogo, na ukiiongeza ghafla unarudi "pwaa" na kubaki. Hiyo ni relei. Kontakti zake zimeungua kidogokidogo kila zilipounga na kuachana. Nilipofungua ya kwanza nikaitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona vidoa vieusi kama mbegu za ufuta kwenye madini meupe, na sauti ndogo haikuwa na nguvu ya kupenya weusi ule. Kata ukanda wa karatasi ngumu kama ya kadi ya mwaliko, lowesha kwa spiriti, upitishe kati ya kontakti, zibane kwa kidole, vuta. Karatasi itatoka na mstari mweusi. Rudia mpaka itoke safi. Msasa usiutumie: unakwangua ule mpako wa juu na kuacha mikwaruzo itakayoungua upya. Na kama mashimo ni makubwa, relei mpya yenye volti na mpangilio wa miguu uleule si ghali.

Mvumo na mchachatiko

Punguza sauti hadi sifuri. Mvumo ukiendelea vilevile, unatoka kwenye sehemu ya nguvu, na mshukiwa ni zile kapasita mbili kubwa za kuchuja umeme. Ukipungua pamoja na sauti, unatoka mbele au nje. Chomoa waya zote za RCA. Mvumo ukikoma, ubovu hauko ndani ya sanduku. Gramafoni ina waya mwembamba wa ziada wa kuunga kwenye skrubu ya GND. Watu huukata wakidhani ni mabaki. Uunge. Vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyokula chaja ya simu navyo huleta mluzi mwembamba. Kiendeshe kwa pawabenki uone kama unaondoka.

Kama mvumo unasikika kwenye sanduku lenyewe na si kwenye spika, ni transfoma inatetemeka. Kaza bolti zake. Iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa Hz 60 peke yake, kwenye Hz 50 za huku huvuma zaidi na kupata joto zaidi hata ukiishushia volti sawasawa.

Mchachatiko ni jambo jingine: sauti kama mandazi yanakaangwa, upande mmoja, hata nobu ikiwa sifuri, wakati mwingine na mlio wa ghafla. Hizo ni transista ndogo zilizochoka. Mafundi wa vyombo vya Japani wanazijua kwa namba, 2SC458 na 2SA726 zikiwa miongoni mwa zinazosumbua zaidi. Hubadilishwa zote za aina hiyo, pande zote mbili, si moja moja.

Inachemka, inajizima ukiongeza sauti, au twita zinaungua

Hapa ndipo ndoa ya amplifaya na spika inapovunjika, na ndipo ningependa msomaji akae kitako.

Anza na omu, kipimo cha ukinzani wa spika. Mgongoni mwa amplifaya nyingi za miaka ya 1970 pameandikwa omu 4 hadi 16 kwa jozi moja, na 8 hadi 16 ukitumia A na B kwa pamoja. Maandishi hayo ni sheria. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba kwenye upande mmoja, amplifaya inaziona kama omu 4. Mbili za 4, inaziona kama 2, na hapo umeme unaotoka ni mwingi mno. Bati la kupozea linachemka, relei inakata, au haiwahi.

Mtaani, muuaji mkuu ni spika za gari. Seremala ametengeneza kabati zuri la mninga, ndani kawekwa wufa za gari mbili kila upande. Spika za gari kwa kawaida ni omu 4, nyingine 2. Zimeungwa sambamba, maana ndiyo njia rahisi. Mwenye mali anaunga Sansui AU-717, chombo cha heshima cha mwaka 1977, wati 85 kila upande kwenye omu 8, na baada ya nyimbo tatu inazima. Anaambiwa Sansui ni mbovu. Dawa haina gharama: ziunge mfululizo. Chanya ya amplifaya iende chanya ya spika ya kwanza, hasi ya kwanza iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwenye amplifaya. Nne na nne, nane.

Spika isiyo na maandishi ipime kwa mita, ikiwa haijaungwa popote. Ya omu 8 husoma karibu 6, ya 4 husoma karibu 3. Mita inasoma waya wa koili tu, ndiyo maana namba ni ndogo kidogo.

Halafu wati, na hapa pamejaa uongo. Redio za madukani zenye "PMPO 10,000" zimeandika namba ambayo haijawahi kuwa na kipimo chochote kinachokubalika. Marekani iliweka kanuni mwaka 1974 iliyowalazimu watengenezaji kutangaza wati za mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, baada ya kuichemsha amplifaya kwanza. Ndiyo maana namba za vyombo vya baada ya hapo naziamini. Pioneer SX-1980 ya 1978 iliandikwa wati 270, na ni 270 kweli. NAD 3020 ya mwaka huohuo iliandikwa 20 tu, na vijana wanaicheka mpaka waisikie kwenye spika inayoifaa.

Ipi inaifaa? Tazama wepesi wa spika, ile namba ya desibeli: sauti inayotoka ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake. Kila desibeli 3 zinazopungua, unahitaji wati mara mbili kupata sauti ileile. Spika ndogo ya LS3/5A iliyobuniwa na BBC iko kwenye 82 au 83. Klipschorn, ile kubwa ya kukaa pembeni mwa chumba, inazidi 100. Kabati nyingi kubwa za miaka ya 1970 ziko karibu na 90. Sasa piga hesabu: NAD ya wati 20 kwenye spika ya desibeli 92 ni sawa na wati 80 kwenye ya 86, na sawa na wati 160 kwenye ya 83. Mzee wa Tanga alikuwa na kabati za mbao za zamani, omu 8, wufa ya inchi kumi, nyepesi. Sebule yake ilijaa na nobu haikuvuka saa nne.

Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, huungua zaidi kwa amplifaya ndogo iliyolazimishwa kuliko kwa kubwa iliyotulia. Amplifaya ikiishiwa nguvu hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na ile sauti iliyokatwa inapeleka joto jingi kwenye kijikoili cha twita, chembamba kama unywele. Ningempa mtu mwenye sikio wati 80 kwa spika zilizoandikwa 50 bila wasiwasi. Nisingempa mpenda sherehe wati 20. Na kitufe cha LOUDNESS kikiwa chini na besi imezungushwa hadi mwisho, umeongeza desibeli kumi au zaidi kwenye besi. Kumi ni mara kumi ya wati. Ulikuwa unatumia mbili, sasa unadai ishirini, na hujagusa hata nobu ya sauti.

Waya pia. Mita kumi za waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, kwenda na kurudi, zina karibu omu 0.7. Kwa spika ya omu 4 umeacha karibu asilimia 15 ya volti njiani. Waya wa 2.5, ule wa soketi za nyumba lakini wa nyuzi laini, una omu 0.14 kwa safari ileile. Hakuna haja ya waya wa bei ya mbuzi.

Sauti ipo, lakini nyembamba au chafu

Besi ikipotea unapokaa katikati ya spika mbili na kurudi unaposogea pembeni, moja imeungwa kinyume. Geuza waya wa spika moja tu. Ukitaka uhakika, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: chanya kwenye nyekundu, koni itoke nje. Isipokuwa JBL za zamani, ambazo kwa desturi yao koni huingia ndani. Nimeona watu wakizigeuza zote wakidhani zimeharibiwa. Cha maana ni zote mbili ziende upande mmoja.

Gramafoni kwenye AUX hutoa sauti ndogo isiyo na besi. Simu kwenye PHONO hutoa sauti kubwa iliyopasuka. Kila kimoja kwa tundu lake: gramafoni PHONO, simu AUX.

Na gusa ukingo wa wufa kwa ncha ya kidole, taratibu. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilizungushiwa sponji, na sponji hiyo huoza hata zikikaa bila kupigwa. Joto na unyevu wa pwani huiharakisha. Ikibaki mkononi kama makombo ya mkate mkavu, usipige tena: koili itayumba na kusugua sumaku. Ukingo mpya hugandishwa na fundi kwa nusu siku, na koni yenyewe inabaki ile ya asili. Tafadhali usitupe wufa kwa sababu ya sponji.

Ukilazimika kufungua

Chomoa waya wa ukutani na usubiri. Kapasita kubwa hubaki na volti 40, 60, au zaidi. Zimwage kwa rizista ya omu 1,000 ya wati 5, dakika moja au mbili, kisha pima uhakikishe. Bisibisi ya kupigia shoti inatoboa kontakti na kukushtua moyo.

Kwanza tumia macho. Nimewahi kumkuta mjusi kafiri aliyekauka akiwa ameunganisha fyuzi na bati, mkia upande mmoja, kichwa upande mwingine. Ndiye aliyekuwa ubovu wote. Tafuta kapasita zilizovimba kichwani, madoa meusi, viungo vya risasi vyenye mpasuko wa duara. Tafuta pia ile gundi ya manjano waliyoshikizia kapasita kiwandani: ikizeeka hugeuka kahawia, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vifaa. Ikwangue kwa kijiti cha mianzi hadi bodi ionekane.

Badilisha kidogo kidogo na uwashe kila hatua. Anayebadilisha kapasita arobaini kwa siku moja, akikosea mguu mmoja, hatajua ni upi. Na jihadhari na vipuri vya bandia: transista za nguvu kama 2SC5200 na 2SA1943, na zile saketi za nguvu za STK za Sanyo, zimejaa madukani zikiwa na maandishi mazuri na kijisilikoni kidogo ndani. Zinapima vizuri, zinakufa ukiongeza sauti. Mara nyingi nachagua kuzitoa kwenye amplifaya nyingine ya zamani iliyokufa transfoma.

Ukimaliza, funga balbu ya siriz, spika zisiwepo. Ififie. Pima milivolti pande zote mbili. Toa balbu, washa moja kwa moja, iache nusu saa na uweke kiganja juu ya mabati ya kupozea: yawe na joto sawa kushoto na kulia. Pima tena. Ndipo uunge zile spika ambazo hutazililia, nobu ikiwa sifuri, upige santuri upande mzima mmoja. Spika zako zenyewe ziunge kesho yake, baada ya kupima mara ya tatu ikiwa baridi.